Mkia Namba 2: Kipande cha Chuma na Mji wa New Bedford

Leo tunawaletea historia ya kitu kidogo sana, kinachotosha kiganjani. Wengine watasema, jamani, historia ya kipande cha chuma? Someni kwanza, halafu mtatuambia.

Tuanzie nyumbani. Wengi wetu tuliotoka upande wa Kivu na Burundi tumeliona lile shoka la zamani la wahunzi. Chuma chake kina mkia mwembamba, umechongoka. Mpini una kichwa kinene, kimetobolewa tundu. Unachomeka mkia kwenye tundu, unagonga mara mbili tatu, basi. Hakuna msumari wala gundi. Na cha ajabu ni kwamba kadiri unavyokata kuni, ndivyo shoka linavyozidi kukaza. Kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi.

Siri yote ni huo mchongoko. Upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba, na katikati unapungua polepole kwa kipimo kilekile. Mafundi wa karakana huita tepa. Sisi tutasema mchongoko. Watoto wanaufahamu kupitia pia, ile wanayoichapa kwa kamba hadi izunguke.

Ukishaanza kuutazama, utauona kila mahali. Pikipiki ya boda boda: ile sumaku ya kuzalisha umeme imekaa kwenye mchongoko wa ekseli ya injini, ndiyo maana fundi anahitaji kifaa maalumu kuing'oa. Gari: boljointi na tairodi zina mikia iliyochongoka. Hata bomba la maji tunalopangia foleni na madumu: nyuzi za lile bomba la chuma hukatwa kwa mchongoko wa 1 kwa 16, yaani kila milimita 16 za urefu, kipenyo kinapungua milimita 1. Ndiyo maana ukilikaza linabana na maji hayavuji.

Sasa tuingie karakana.

Nyuma ya nyumba ya mzee mmoja hapa kwenye makazi yetu, kusini magharibi mwa Uganda, kuna kibanda cha mabati. Ndani yake kuna mashine ndogo ya kukereza chuma, ya kuwekwa mezani, kuukuu, inayoendeshwa kwa jenereta siku mafuta yakipatikana. Mwenyewe tunamwita Papa Fundi. Alisomea mekanika Kongo, akafanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kukimbia. Diploma yake aliivusha mpaka ndani ya mfuko wa nailoni, haikulowa. Alipoipeleka karakana moja mjini, wakaitazama, wakasema imeandikwa Kifaransa, hawaijui shule hiyo, na kama anataka kazi abebe vyuma. Akabeba. Ujira wake ulikuwa nusu ya ule wa mtu aliyesimama kwenye mashine, na mashine ile ile yeye angeiendesha amefumba macho.

Tulimwuliza kwa nini hakukataa. Akasema, watoto wanakula kila siku.

Ni yeye aliyetufundisha mkia namba 2. Na tulipoanza kutafuta historia ya huo mkia, tukafika mji mmoja wa Marekani ambako tulikuta habari kama yake. Hatukuitegemea.

Mashine ya kukereza, au kerezo, kazi yake ni kuzungusha chuma huku kisu kikikikwangua. Kwa karne nyingi fundi alishika kisu kwa mkono wake, kama mtu anayechonga mpini. Mkono ukitikisika, kazi imeharibika. Mwingereza Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771, ni mmoja wa watu waliobadilisha mambo. Hakuwa wa kwanza kabisa kukifunga kisu kwenye kitelezi cha chuma, lakini mashine alizotengeneza karibu na mwaka 1800 ziliunganisha vitelezi sahihi na skrubu sahihi, na zikaigwa na wengi. Kisu hakikutegemea tena mtikisiko wa mkono. Kilikwenda njia iliyopangwa.

Maudslay alifanya kazi kwa Joseph Bramah, mtengenezaji wa kufuli maarufu London. Mwaka 1797, akiwa tayari msimamizi mwenye familia, alikuwa analipwa shilingi 30 kwa wiki. Akaomba nyongeza. Akanyimwa. Akaondoka, akafungua karakana yake. Waliopita kwenye karakana hiyo ni pamoja na Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza vipimo vya nyuzi za skrubu ambavyo Uingereza nzima ilikuja kuvifuata. Nyuzi za mabomba yetu ya maji, kwa pembe yake, ni wajukuu wa kazi hiyo.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 19, kukata mchongoko kwa mashine kuliwezekana. Tatizo lilikuwa jingine: kila karakana ilikuwa na mchongoko wake. Biti ya kutobolea ya karakana hii haikuingia kwenye mashine ya karakana ile. Ukihama, unahama na mikono yako tu. Vifaa vyako havikufai kitu huko uendako.

Kilichosukuma mambo ni vita.

Mwaka 1861 Marekani iliingia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Viwanda vya bunduki vilihitaji kutoboa matundu madogo kwa maelfu. Biti bora zilikuwa zile zenye mifereji iliyojisokota, maana mifereji hutoa unga wa chuma nje ya tundu. Lakini mifereji hiyo ilichongwa kwa tupa, kwa mkono, moja moja. Katika mji wa Providence, Joseph R. Brown alibuni mashine ya kuikata, na ya kwanza ikauzwa mwaka 1862 kwa kampuni ya Providence Tool iliyokuwa inatengeneza bunduki. Sisi tunaojua vita vinachukua nini, tunasoma habari hii kwa uchungu kidogo. Vifaa vingi vya amani vilizaliwa hivyo.

Mwaka 1863 mtu aitwaye Stephen A. Morse alipata hataza ya biti yake ya kujisokota. Mwaka 1864 kampuni iliyobeba jina lake ilianzishwa katika mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts. Biti zake zilihitaji mkia wa kuingia kwenye mashine, na mkia huo ukapewa mchongoko maalumu, kwa namba, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Leo namba hizo ni 0 hadi 7. Ukisema "Morse namba 2" kwa fundi wa Kampala, Bujumbura, Mumbai au Berlin, atajua unataka nini.

Kwa nini mkia huo unashika bila skrubu? Kwa sababu mteremko wake ni mdogo sana. Kwa namba 2, kila upande umeinama digrii 1 na dakika 25 hivi, yaani hata digrii moja na nusu haifiki. Kwenye mteremko mdogo namna hiyo, msuguano wa chuma kwa chuma unashinda nguvu ya kuteleza. Unausukuma mkia ndani kwa kiganja, unakaa. Kuutoa, inabidi uupige kabari kupitia upenyo wa nyuma, au uusukume kwa skrubu. Ni lile shoka la wahunzi, ila limepewa namba.

Sasa huo mji wa New Bedford.

Ulikuwa mji wa wavua nyangumi, tajiri kwa mafuta yake. Ulijulikana pia kama mji wa kukimbilia. Watu weusi waliotoroka utumwa kutoka majimbo ya kusini walifika huko wakajificha, wakaishi. Mwezi wa Septemba 1838 alifika kijana wa miaka kama 20 aliyetoroka kutoka Maryland. Jina alilolichukua huko ni Frederick Douglass, na baadaye dunia ilimjua kama mwandishi na msemaji mkubwa dhidi ya utumwa.

Wachache wanajua kwamba Douglass alikuwa fundi. Katika bandari ya Baltimore alijifunza kukalafati meli, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa nyuzi za katani na lami ili maji yasiingie. Watu wetu wa pwani wanaijua kazi hiyo, ni kazi ya ustadi na ina malipo yake. New Bedford ilikuwa na meli nyingi. Mwenye meli mmoja aliyepinga utumwa alimkubali, akampeleka kazini. Kufika pale, akaambiwa kwamba akigusa meli ile tu, mafundi wazungu wote wataondoka.

Basi akaacha ustadi wake. Akapasua kuni, akakoroga makaa kwa koleo, akafagia mabomba ya moshi, akaviringisha mapipa ya mafuta bandarini. Mwenyewe ameandika kwamba ujira wa kibarua ulikuwa nusu ya ule wa fundi wa kukalafati. Baadaye akapata kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, kuvuta mivukuto. Alikuwa akipigilia gazeti kwenye nguzo mbele yake, avute mivukuto huku akisoma.

Nusu ya ujira. Tuliposoma hapo, tuliangaliana. Mmoja wetu akasema, huyu si Papa Fundi huyu?

Douglass alikuwa ameshaondoka New Bedford miaka mingi kabla kampuni ya Morse haijaanza. Hatusemi mambo haya mawili yana uhusiano wa moja kwa moja. Tunasema ni mji mmoja. Mji uliokataa ustadi wa mtu aliyekimbia, miaka 26 baadaye ndio ulioanza kusambaza mkia unaokubalika kwenye mashine popote, bila kuulizwa umetengenezwa na nani. Kwa chuma waliweza.

Turudi kwenye mkia wenyewe, maana kuna kichekesho.

Mtu angefikiri kwamba mchongoko unaotumiwa na dunia nzima umepangwa vizuri kihesabu. Kumbe sivyo. Ukichukua namba 0, kipenyo kinapungua inchi 0.6246 kwa kila futi ya urefu. Namba 1: 0.5986. Namba 2: 0.5994. Namba 3: 0.6024. Namba 4: 0.6233. Namba 5: 0.6315. Hakuna namba mbili zinazofanana. Nyingi zinazunguka karibu na inchi 5/8, yaani 0.625, lakini hakuna hata moja inayoigusa sawasawa.

Maelezo yanayopita kati ya mafundi ni kwamba zilikusudiwa kufanana, ila vifaa vya kupimia vya enzi ile havikuweza kushika tofauti ndogo hivyo. Kila kipimo mama kilitoka na kasoro yake. Biti zikauzwa, mashine zikatengenezwa kuzipokea, watu wengine wakaiga. Siku vipimo vizuri vilipopatikana na kasoro ikaonekana, nani angetupa biti na mashine zote? Kasoro ikaandikwa kwenye majedwali kama ilivyo. Leo ndiyo kipimo rasmi.

Na si kwamba hakukuwa na wapinzani. Kampuni ya Brown & Sharpe ya Providence ilikuwa na mchongoko wake wa karibu nusu inchi kwa futi. Mtu wao mmoja, Oscar J. Beale, alibuni mwingine unaoitwa Jarno, na huo ni mzuri mpaka unatabasamu. Ukijua namba yake umejua kila kitu. Chukua Jarno namba 8: kipenyo kikubwa ni 8 gawanya kwa 8, inchi 1. Kipenyo kidogo ni 8 gawanya kwa 10, inchi 0.8. Urefu ni 8 gawanya kwa 2, inchi 4. Huhitaji jedwali. Kila namba ina mteremko uleule, 1 kwa 20.

Jarno ulipata watumiaji wachache. Morse, na kasoro zake, ndio ulioenea, kwa sababu ulikuwa umeshafika kwa watu.

Hapo tulibishana sana kwenye kikundi. Wengine walisema hilo ni somo baya, kwamba kizuri kinashindwa na kilichotangulia. Wengine wakasema hapana, kipimo ni makubaliano, na makubaliano yanafaa kwa sababu wote wanayashika. Dada mmoja akauliza: je, sisi tuliofika tumechelewa, tuliokuta makubaliano yameshawekwa na wengine? Papa Fundi alikuwa anasikiliza huku akifuta mashine. Akasema, unajifunza namba 2 kama ilivyo, kasoro na vyote, halafu unaikata vizuri kuliko wao.

Namba hizo hazikubaki viwandani. Zilihamia majumbani. Mwaka 1898 London, Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer kwa watu waliopenda kutengeneza injini ndogo na vifaa nyumbani kwao baada ya kazi. Mwaka 1906 huko Indiana, Marekani, ndugu wawili mapacha wa ukoo wa O'Brien walianzisha kampuni ya South Bend Lathe. Kuanzia mwaka 1907 walitoa kitabu kidogo cha kufundisha kuendesha mashine ya kukereza, na kikachapwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 1946, baada ya vita vikuu vya pili, kampuni ya Myford huko Beeston, karibu na Nottingham, ilitoa mashine ndogo ya ML7, iliyoingia kwenye vibanda vingi vya nyuma ya nyumba. Kichwa cha mbele na kichwa cha nyuma cha ML7 vyote vilipokea mkia namba 2.

Hicho ndicho kilichofanya karakana ya nyumbani iwezekane. Mtu mwenye mashine moja tu ndogo aliweza kununua biti iliyotumika, ncha, au kishikio cha biti kutoka popote, akachomeka, kikaingia. Na asiyeweza kununua, aliweza kukata mkia wake mwenyewe.

Basi tueleze unavyokatwa, maana historia bila kazi ya mikono ni hadithi tu. Njia za kawaida nyumbani ni tatu.

Ya kwanza ni kuhamisha kichwa cha nyuma. Chuma kinashikwa kati ya ncha mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukisogeza ya nyuma pembeni kidogo, chuma kinakaa mshazari na kisu kinakata mchongoko. Hesabu yake: toa kipenyo kidogo kwenye kikubwa, zidisha kwa urefu wa chuma chote, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa mchongoko. Mfano, chuma cha milimita 300, mchongoko wa milimita 100 kutoka 25 hadi 20: 5 mara 300 ni 1500, gawanya kwa 200, unapata milimita 7.5. Ni njia nzuri kwa mchongoko mrefu. Ubaya wake, ukibadilisha urefu wa chuma, mchongoko nao unabadilika. Na ukimaliza lazima ukirudishe kichwa katikati, la sivyo kazi ya kesho yote itatoka imechongoka bila wewe kutaka.

Ya pili ni reli ya nyuma. Mashine nyingine zina reli inayofungwa nyuma yake kwa pembe unayotaka, na kisu kinaifuata. Hii ni safi kabisa, lakini kifaa ni ghali. Sisi hatuna.

Ya tatu ni kugeuza kitelezi cha juu, kile kidogo kinachobeba kisu. Unakilegeza, unakizungusha kwa pembe, unakaza, halafu unakisukuma kwa mkono taratibu. Ubaya wake, kinakwenda umbali mfupi. Na alama zake ni za digrii nzima nzima. Namba 2 inataka digrii 1, dakika 25 na sekunde 50. Jicho gani litaipata hiyo?

Hapa ndipo Papa Fundi alitufundisha ujanja wa mafundi wa nyumbani: usipime, nakili. Ana rima kuukuu, kifaa cha kupanulia matundu, yenye mkia namba 2 ambao haujaliwa. Rima hiyo ina vishimo vya ncha pande zote mbili, kwa hiyo tukaishika kati ya ncha, tukihakikisha kwanza kichwa cha nyuma kiko katikati. Kwenye kitelezi cha juu tukafunga saa ya kupimia, mguso wake ukaelekezwa ubavuni mwa mkia, sawa na urefu wa ncha. Halafu unasukuma kitelezi toka mwanzo wa mkia hadi mwisho, macho kwenye mshale. Mshale ukisogea, pembe si sahihi. Unalegeza, unagonga kitelezi kwa kidole, unakaza, unarudia. Ilituchukua karibu saa nzima. Mshale uliposimama tuli kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyepumua.

Tukaweka chuma, tukakata. Tulikuwa tunatengeneza mkia wa kishikio cha biti, ili kichomekwe kwenye kichwa cha nyuma. Kwa macho ulikuwa mzuri, unang'aa. Tukaanza kupeana mikono.

Papa Fundi akasema, wekeni bluu, tuone.

Kipimo chenyewe ni hiki. Unapaka mstari mwembamba wa rangi ya bluu ya mafundi kwa urefu wa mkia. Huna bluu? Chaki inatosha. Unauingiza kwenye tundu sahihi, unazungusha kidogo tu, unautoa. Kama mchongoko ni sawa, rangi imefutika kwa urefu wote. Wetu ulifutika ncha mbili tu. Katikati rangi ilikuwa kama tulivyoipaka.

Tukabishana tena na mshale, na jenereta, na kila kitu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kisu. Kilikaa chini ya katikati ya chuma kwa kiasi kidogo sana. Kisu kikiwa chini au juu ya katikati, mchongoko hautoki mnyoofu, unatoka umebonyea tumboni. Saa ya kupimia haiwezi kukuambia hilo, maana kitelezi chenyewe kiko sawa. Tukapandisha kisu kwa kipande cha bati la kopo la maziwa, tukachukua chuma kingine, tukaanza upya. Mara ya pili rangi ikafutika kwa urefu wote. Tukausukuma kwa kiganja ndani ya kichwa cha nyuma. Ukashika. Mwenzetu mwenye nguvu kuliko wote alijaribu kuuzungusha, akashindwa.

Mkia ule Papa Fundi aliupeleka mjini, kwenye karakana ileile alikobebeshwa vyuma. Waliuingiza kwenye mashine yao. Ukaingia, ukashika. Wakampa kazi ya vipande: analeta, wanalipa kwa kipande. Barua ya ajira hawajampa. Diploma bado wanasema hawawezi kuisoma. Tunaandika hivi ilivyo, tusipambe.

Kwa wadau wetu wa mashirika mnaosoma hapa: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unagusa kazi ya ujira katika kifungu cha 17, na kutambuliwa kwa vyeti vya masomo vya nje katika kifungu cha 22. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Haya mnayajua kuliko sisi. Tunaloomba ni jambo la kifundi tu. Mnapoandikisha watu kwenye mafunzo, msianze na cheti peke yake, wala msimpeleke mtu wa miaka 20 ya kazi kwenye darasa la wanaoanza kujifunza kushika tupa. Mpeni chuma na mashine. Leteni mtu anayejua, aje na bluu yake, apime. Mambo yote ni nusu siku. Na atakayefaulu, aandikiwe kwa lugha ambayo karakana za hapa zinaisoma.

Kwa vijana wenzetu: mnaotaka kujifunza, kibanda kiko wazi siku za Jumamosi mafuta yakiwepo. Njooni na chaki. Kipande cha kwanza kilichobonyea tumboni hatukukitupa, kimening'inizwa ukutani kwa waya, na mstari wake wa bluu bado upo katikati.